Paul Ehrlich na Vipimo vya Dawa

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia akiniomba nitoe habari za mtu yeyote mashuhuri wa zamani, ili kurasa za Kiswahili zisibaki tupu. Nilifikiri kwanza juu ya majemadari na wafalme, nikaona hao wamekwisha kuandikwa mno, na wengine hawakustahili. Basi nimemchagua daktari mmoja wa Kijerumani, Paul Ehrlich, aliyekufa mwaka 1915. Ninyi mnaosoma sayansi huenda mmelisikia jina lake. Mimi nilipokuwa nimekaa katika madawati hayo mnayoyakalia sasa sikumjua kabisa. Nilimjua baadaye kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, nami nitalieleza kosa hilo kabla ya yote, maana bila hilo hamtaona kwa nini habari zake zinanigusa.

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutoa dawa, alinijia baba mmoja ambaye mtoto wake mchanga alikuwa na dalili za matege. Daktari alikuwa amemwandikia mtoto vitamini D, mikrogramu 10 kila siku. Nikachukua kichupa cha matone kutoka rafuni. Juu ya kichupa kile hapakuandikwa mikrogramu hata moja. Paliandikwa kwamba kila tone lina yuniti 400 za kimataifa. Mimi, kijana niliyejisifu kwa hesabu, nikaona 10 kwenye cheti, nikamwambia yule baba ampe mtoto matone 10. Akashukuru akaenda zake. Jioni nilipokuwa nikifunga mlango nikaikumbuka ile karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi, nikaisoma. Kumbe yuniti 400 ndizo hizo mikrogramu 10! Tone moja lilitosha. Nilikuwa nimeamuru mtoto apewe mara kumi ya kipimo chake.

Nilipanda baiskeli usiku ule ule nikauliza nyumba hata nyumba. Nilipofika mtoto alikuwa amekwisha kupewa mara moja, naye yu mapajani mwa mama yake akicheka. Kwa mara moja hakuna madhara, lakini kama wangaliendelea hivyo kwa miezi, chokaa ingalizidi katika damu yake na kuharibu mafigo. Yule baba alinishukuru tena kwa kuja, jambo lililonitia haya zaidi kuliko kama angalinitukana.

Basi nikaanza kuuliza: kwa nini dawa moja iwe na vipimo viwili? Kwa nini kidonge cha maumivu kipimwe kwa miligramu, na insulini kwa yuniti, na penisilini mara hivi mara vile? Katika kulitafuta jibu nikafika kwa Paul Ehrlich.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, katika jimbo la Silesia, ambalo siku hizo lilikuwa la Prussia na leo ni sehemu ya Poland. Watu wake walikuwa Wayahudi. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na kiwanda kidogo cha pombe kali. Shule ya sekondari alisoma mjini Breslau, na hapo wanafunzi mfurahi, kwa kuwa aliichukia mitihani kupita kiasi. Husimuliwa kwamba alipopewa insha juu ya maisha kuwa ndoto, aliandika kwamba maisha ni kuungua kwa oksijeni mwilini tu, na ndoto ni ubongo kung'aa kama fosforasi. Mwalimu hakupendezwa, akampa alama mbaya. Nisingemlaumu sana mwalimu yule.

Mama yake alikuwa na jamaa aliyeitwa Karl Weigert, daktari, ambaye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia rangi za viwandani ili kuona vijidudu na nyama za mwili chini ya hadubini. Kijana Paul akashikwa na mapenzi ya rangi, wala hayakumwachia tena. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari huko Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig, vidole vyake vilikuwa siku zote na madoa ya buluu, nyekundu na manjano. Mwaka 1878 alipata shahada yake ya udaktari kwa kuandika juu ya kutia rangi nyama za wanyama.

Jambo lililomshangaza ni hili. Ukitia rangi moja juu ya kipande cha nyama, rangi haishiki kila mahali. Hushika sehemu hii na kuiacha ile, kana kwamba inachagua. Ehrlich akawaza: ikiwa rangi yaweza kuchagua, basi dawa nayo yaweza. Huenda pakapatikana dawa itakayoshika kidudu cha ugonjwa na kumwacha mgonjwa mwenyewe. Wazo hili alilichukua ujanani akakaa nalo miaka 30 kabla halijazaa.

Alifanya kazi katika hospitali kubwa ya Charité mjini Berlin. Mwaka 1882 Robert Koch alipotangaza kwamba ameona kidudu cha kifua kikuu, Ehrlich alikuwamo ukumbini, na kwa muda mfupi akagundua njia bora ya kukitia rangi kidudu kile. Mwaka 1883 alimwoa Hedwig Pinkus, wakapata mabinti wawili. Lakini kidudu kile alichokitia rangi kilimwingia kifuani. Ilimbidi aende Misri mwaka 1888 kutafuta hewa kavu, akakaa huko hata mwaka uliofuata, akarudi amepona.

Aliporudi hakuwa na kazi. Akajitengenezea maabara ndogo kwa fedha zake, na humo akafanya majaribio ambayo kwetu yana maana, maana sumu aliyoitumia twaijua. Alichukua sumu iliyomo katika mbegu za mbarika, ambazo wengine huita nyonyo, na sumu ya zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto hutungia shanga. Akawalisha panya sumu ya mbarika kidogo sana, kesho akaongeza kidogo, na keshokutwa kidogo tena. Baada ya majuma machache panya wale waliweza kuvumilia sumu nyingi ambayo ingaliwaua wenzao papo hapo. Naye hakutosheka kusema kwamba panya wamepata nguvu. Alitaka kujua wamepata nguvu mara ngapi, akaandika hesabu. Tabia hii ya kudai hesabu ndiyo iliyomtofautisha na wengi wa wakati wake.

Siku hizo ugonjwa wa dondakoo uliwamaliza watoto wa Ulaya. Utando huota kooni, mtoto akakosa pumzi, na sumu ya vijidudu ikaingia moyoni. Mwaka 1890 Emil Behring na Mjapani Kitasato walionyesha kwamba mnyama aliyezoezwa sumu hupata kitu katika damu yake kinachoiua sumu ile, na kwamba maji ya damu hiyo, yaani seramu, yakipigwa sindano kwa mnyama mwingine humkinga naye. Habari kubwa mno! Lakini seramu za Behring zilikuwa dhaifu, tena hazikuwa sawasawa. Chupa ya leo ilimponya mtoto, chupa ya kesho haikufaa kitu, na hakuna aliyeweza kuzitofautisha kwa macho. Kuzipima kwa mizani kulikuwa bure, kwa sababu sehemu kubwa ya seramu ni maji, chumvi na protini zisizohusika. Gramu moja ya seramu ya farasi huyu yaweza kuwa na nguvu kumi ya gramu moja ya farasi yule.

Ehrlich alionyesha jinsi ya kumzoeza mnyama kwa taratibu hata atoe seramu kali. Mwaka 1894 yeye na wenzake walitoa habari za watoto 220 wa hospitali za Berlin waliotibiwa, na wale waliopigwa sindano katika siku mbili za kwanza za ugonjwa karibu wote walipona. Mwaka ule ule kiwanda cha Hoechst kilianza kuiuza seramu. Katika mapatano ya fedha Ehrlich hakufaidi kama Behring, na urafiki wao ukaingia ufa. Behring alipata utajiri. Ehrlich alipata, mwaka 1896, taasisi ya kupima seramu huko Steglitz, kando ya Berlin, katika nyumba iliyokuwa kwanza tanuri la mikate na zizi la farasi. Humo, katika chumba kilichonukia bado unga na samadi kama ninavyokidhania mimi, kilizaliwa kipimo ambacho leo kimeandikwa kwenye vichupa vyetu.

Nawaomba sasa mnifuate polepole. Kipimo cha kwanza kilikuwa hivi: pima sumu ya dondakoo, utafute kiasi kidogo kabisa kinachomuua simbilisi wa gramu 250 katika siku nne. (Simbilisi ni kile kijinyama kisicho na mkia ambacho majirani zetu wa Kivu huko Kongo hukifuga kwa kitoweo.) Kisha seramu inayoweza kuzima sumu ya viasi 100 vya namna hiyo, iite yuniti moja. Vyema. Lakini sumu yenyewe haikai. Ukiiweka chupani hupoteza ukali wake, kama pilipili iliyosagwa zamani. Na Ehrlich aliona jambo la ajabu zaidi: sumu iliyochakaa haiui tena kama kwanza, lakini bado inaishika seramu na kuimaliza vile vile. Kwa hiyo sumu mbili zenye nguvu sawa za kuua zaweza kudai seramu isiyo sawa. Ukitumia sumu kuwa ndiyo rula, umepima nguo kwa mpira unaovutika.

Ehrlich akaipindua kazi nzima. Mwaka 1897 alichagua seramu moja, akaikausha iwe unga, akaitia katika mirija ya kioo iliyotolewa hewa yote, pamoja na dawa ya kunyonya unyevu, akaifunga kwa moto na kuiweka gizani penye baridi. Seramu ile kavu haikubadilika. Hiyo ndiyo iliyokuwa rula. Kila baada ya muda mrija mmoja ulivunjwa, unga ukayeyushwa katika gliserini na maji, na maji yale yakapelekwa kwa kila anayetengeneza seramu. Yeye hupima sumu yake kwa rula ya Ehrlich kwanza, kisha hupima seramu yake mpya kwa sumu ile. Tangu siku hiyo yuniti moja ya Berlin ikawa sawa na yuniti moja ya mji wowote uliopokea mrija.

Hapa ndipo nilipolielewa kosa langu. Yuniti si uzito. Yuniti ni kazi. Debe moja la mkaa na debe moja la mahindi yote mawili ni debe moja, lakini mpagazi anaijua tofauti shingoni mwake. Vivyo hivyo yuniti moja ya dawa hii haina uzito mmoja na yuniti ya dawa ile, wala hakuna hesabu moja ya kuzigeuza zote. Ya dondakoo, walipoamua baadaye kuitaja kwa uzito, ilikuwa miligramu 0.0628 za ule unga mkavu. Ya vitamini D ni mikrogramu 0.025, ndiyo maana yuniti 40 hufanya mikrogramu moja. Ya vitamini A ni mikrogramu 0.3 za retinoli. Vile vidonge laini wanavyopewa watoto wetu mara mbili kwa mwaka ili wasipofuke, kile cha mtoto aliyetimiza mwaka kina yuniti 200,000, yaani miligramu 60, na cha mtoto wa miezi 6 hadi 11 kina nusu yake. Penisilini ya sodiamu ni mikrogramu 0.6, basi yuniti milioni moja ni miligramu 600. Anayejifunza kwa moyo hesabu ya dawa moja na kuitumia kwa nyingine atafanya kama nilivyofanya mimi, au vibaya zaidi.

Insulini ndiyo inayofundisha vizuri kuliko zote. Mwaka 1925 mataifa yalipokubaliana juu ya insulini ya kwanza ya kulinganishia, miligramu moja ya unga ule ilihesabiwa kuwa yuniti 8. Kufika mwaka 1935 watu walikuwa wamejua kuisafisha, na miligramu moja ikawa yuniti 22. Insulini ya leo iliyo safi ni karibu yuniti 29 kwa miligramu. Mgonjwa aliyehitaji yuniti 20 alihitaji yuniti 20 miaka yote hiyo. Uzito ndio uliopungua, kwa kuwa takataka zimeondolewa. Kama madaktari wangaling'ang'ania miligramu, kila mara kiwanda kilipoboresha kazi yake mgonjwa angalizidishiwa dawa na kuanguka kwa kukosa sukari. Nawaomba wale mtakaokuwa madaktari mwandike neno lenyewe kwa ukamilifu, wala msiandike herufi U peke yake baada ya tarakimu. Nimewahi kuona cheti ambacho U ya haraka ilifanana na sifuri, na 4 ikasomeka 40.

Narudi kwa bwana wetu. Mwaka 1899 serikali ilimhamishia Frankfurt katika taasisi kubwa zaidi, na mwaka 1906 mjane mmoja tajiri, Franziska Speyer, akatoa fedha ikajengwa nyumba nyingine jirani kwa ajili ya utafiti wa dawa. Waliomjua wanamweleza kuwa mtu mdogo wa mwili, mwenye miwani na ndevu, anayekwenda na boksi la sigara kubwa kwapani, akivuta hata 25 kwa siku, na akisahau kula. Chumba chake kilijaa vitabu na karatasi juu ya viti vyote, mgeni asipate pa kukaa. Kila jioni aliandika juu ya vipande vidogo vya karatasi za rangi kazi za kesho za kila msaidizi, na ole wake aliyepoteza kipande chake. Alipenda pia muziki wa vinanda vya kuzungusha mkono vinavyopigwa barabarani, jambo ambalo watu wa heshima walilicheka. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mrusi Metchnikoff.

Wakati huo alikuwa amelirudia lile wazo la ujana, la dawa inayochagua. Mwaka 1904 yeye na Mjapani Shiga walipata rangi nyekundu iliyowaponya panya wenye vijidudu vya jamii ya malale. Jina la malale halihitaji tafsiri katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria. Mwanzoni mwa karne ile ugonjwa huo uliua watu wengi mno Busoga na katika visiwa vya Sese, hesabu ambayo wengi huikisia kuwa zaidi ya 200,000. Robert Koch alifika Sese mwaka 1906, akawatibu wagonjwa kwa dawa ya aseniki iliyoitwa atoxyl. Wengi walipata nafuu kwa muda, lakini baadhi ya waliopewa kiasi kikubwa walipofuka, wala macho yao hayakurudi. Nikisoma habari hizo huona kwamba jambo lile lile la kipimo lipo hapa tena, tofauti kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru, na safari hii waliolipa gharama ya kutojua walikuwa wavuvi wa visiwani ambao hakuna aliyewauliza.

Ehrlich na mkemia wake Bertheim waligundua mwaka 1907 kwamba waliotangulia walikosea juu ya umbile la atoxyl, na kwamba yaweza kubadilishwa sehemu kwa sehemu. Wakaanza kutengeneza dawa moja baada ya nyingine, kila moja na namba yake, na kwa kila moja wakaandika hesabu mbili: kiasi kinachomponya mnyama, na kiasi anachoweza kukivumilia. Namba 418 ilikuwa na matumaini, ikapita. Namba 606 ilijaribiwa na msaidizi mmoja akasema haifai, ikawekwa rafuni. Mwaka 1909 akaja kijana kutoka Japani, Sahachiro Hata, aliyejua kuwaambukiza sungura kaswende. Ehrlich akamwambia azijaribu zote upya tangu mwanzo, hata zile zilizokwisha kukataliwa. Hata alizijaribu kwa subira ya ajabu, na alipofika 606 vidonda vya sungura vikafunga.

Dawa hiyo ilitangazwa mwaka 1910 huko Wiesbaden, ikauzwa kwa jina la Salvarsan. Kabla ya kuuzwa Ehrlich aligawa maelfu ya vichupa bure kwa madaktari, kwa sharti kwamba wamletee habari za kila mgonjwa. Unga wake wa manjano uliharibika mara ulipoguswa na hewa, na daktari mzembe aliyeuchanganya vibaya aliweza kumuua mgonjwa. Kila fungu lililotoka kiwandani lilijaribiwa kwanza kwa wanyama huko Frankfurt, kwa kuwa mizani haikuweza kueleza kama ni salama. Mwaka 1912 akatoa nyingine iliyo rahisi zaidi kutumia, namba 914.

Hata hivyo hakupata amani. Walikuwako waliosema kwamba kaswende ni adhabu ya zinaa na haifai kutibiwa, na wengine waliosema kwamba anatajirika kwa kuua watu. Mwaka 1914 palikuwa na kesi mjini Frankfurt juu ya maneno hayo, Ehrlich akaitwa kuwa shahidi, na aliyeeneza uvumi akafungwa. Lakini mzee alikuwa amechoka. Vita vikaanza mwaka ule ule, vikakata nyuzi zake zote na marafiki wa Ufaransa, Uingereza na Japani. Krismasi ilipokaribia alipata kiharusi kidogo, na tarehe 20 Agosti 1915 akafa huko Bad Homburg, umri miaka 61. Alizikwa katika makaburi ya Kiyahudi ya Frankfurt.

Ile mirija yake ya kioo ilimpita umri. Wamarekani walikuwa wamejitengenezea huko Washington seramu ya kulinganishia kutokana na ile ya Frankfurt, na miaka yote ya vita hapakuwa na mtu wa kuzilinganisha. Vita vilipokwisha, wataalamu walikutana London mwezi wa Desemba 1921 wakazipima zote mbili kwa hofu, wakakuta bado ni sawa. Basi Umoja wa Mataifa wa wakati ule, ule wa Geneva uliokuwako kabla ya huu wa leo, ukaikubali yuniti ya Ehrlich kuwa ya kimataifa, na seramu ya kulinganishia ikawekwa Copenhagen, Denmark. Kwa mfano huo huo ikafuata insulini, na katika mkutano wa London wa mwaka 1931 zikafuata vitamini A, B1, C na D, ambazo siku hizo zilipimwa kwa kuwalisha wanyama kwa sababu hakuna aliyeweza kuzipata safi za kutosha. Leo vitamini hizo zajulikana barabara na zapimwa kwa gramu, lakini yuniti zimebaki juu ya vichupa kama jina la utani lisilofutika. Kwa ajili hiyo mimi nilipanda baiskeli usiku.

Dawa ya 606 nayo imestaafu. Kaswende yatibiwa kwa penisilini, na sindano ya kawaida ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu ni yuniti milioni 2.4. Hapo napo jihadharini: ukihesabu penisilini peke yake ni gramu 1.44, lakini ukihesabu chumvi yake yote ya benzathini ni karibu gramu 1.8. Vichupa viwili vyaweza kuandikwa uzito tofauti na dawa ikawa ile ile.

Wanazi walipotawala Ujerumani hawakutaka kusikia kwamba Myahudi aliwaponya watoto wao. Mwaka 1938 waliliondoa jina lake katika barabara ya Frankfurt iliyopita mbele ya taasisi yake. Mjane wake Hedwig alikimbilia Uswisi, kisha Marekani, akafia huko mwaka 1948. Jina la barabara lilirudishwa baada ya vita. Na mwishoni mwa karne ile, kabla Ujerumani haijaingia katika fedha ya Euro, noti yao ya mark 200 ilikuwa na sura ya Paul Ehrlich upande mmoja, na upande wa pili hadubini.